Uji Uliomwagika Mara Tatu

Malindi,
Jumatatu, baada ya chakula cha mchana.

Dada yangu Wakesho,

Pokea shikamoo yako hapo ulipo, na ya Mama umpelekee jikoni, maana najua baridi ya huko haimtoi motoni. Mguu wake unasemaje? Dawa ya kuchua niliyompa yule kijana wa jirani yenu ilifika, au alijichua mwenyewe njiani? Na kabichi je, zimefunga mwaka huu au ukungu umezila tena? Niandikie yote, hata yale unayoona hayana maana, kwa sababu huku hakuna mtu wa kunipa habari za kabichi. Sisi tu wazima. Joto ni lile lile, na mimi bado nafua mashuka ya wageni kwenye hoteli ile ile ya ufuoni.

Sasa nije kwenye swali lako. Unasema kijana huyo huyo wa dawa alirudi huko akatangaza kwamba shemeji yako Kahindi amepandwa na wazimu, anataka kujirusha kutoka juu ya paa la hoteli mbele ya wazungu. Ukaniuliza kama ni kweli, na kama ni kweli mimi mkewe nilikuwa nafanya nini. Wazimu hana, Dada. Lakini paa lipo, nalipita kila siku nikienda londri, na shauri la kuruka lilikuwepo kweli. Lilifika mwisho wake jana alasiri. Nitakueleza kwa utaratibu, na mahali nilipopiga mstari pembeni usimsomee Mama. Mwambie mwandiko wangu hausomeki, uende mbele.

Kahindi unamjua. Ndiye aliyekuja kwetu na wazee wake kutoka Ganda siku ya posa, akavuka ua kwa mikono, miguu juu, mpaka Mjomba akauliza kama tunaoza binti kwa mtu au kwa kima. Huko Ganda kwao ni watu wa mahindi na mikorosho, hakuna aliyewahi kupata riziki kwa kupinduka. Yeye anaipata. Wako wanaume sita kwenye kikundi chao cha sarakasi, na kila Jumapili saa kumi, wageni wakinywa chai kando ya bwawa la kuogelea, hupandana mabegani, hupita ndani ya duara la moto, hupinda migongo mpaka wazungu wengine wanafumba macho. Mkubwa wao anaitwa Charo, mtu mzima ambaye bega lake liliteguka zamani, kwa hiyo siku hizi haruki, anaamuru tu.

Mwezi uliopita meneja alimwita Charo akamwambia kuna kikundi kingine kutoka Mombasa kinachotaka nafasi yao. Akasema wageni wamechoka kuona watu wakipandana, wanataka kucheka. Charo akatoka ofisini amenuna, akaenda moja kwa moja kwenye vidio.

Vidio hiyo iko kwa Bi Zuhura, huku mjini karibu na soko. Bi Zuhura ni mjane wa Kiswahili, mama mkunjufu lakini hachezewi. Kaka yake anafanya kazi Arabuni, ndiye aliyemletea televisheni na mashine ya kanda, naye sebule yake akaigeuza ukumbi. Kila siku kuanzia adhuhuri mwanawe wa kiume huwaonyesha wanaume picha za karate. Jumatano alasiri ni zamu ya wanawake peke yetu, picha za Kihindi, mlango unakomewa na mabuibui yanatundikwa misumarini. Mwanamume haingii siku hiyo, hata awe nani. Ndio utaratibu wa nyumba ile na mji mzima unauheshimu.

Picha aliyoikuta Charo ilikuwa ya Kichina, ya karate lakini ya kuchekesha. Akawaita wenzake wote waione, wakairudia na kuirudia. Kahindi akirudi nyumbani hali chakula, anaigiza. Chapati ikimponyoka anaidaka kwa mguu. Kigoda changu kikawa silaha. Nisikufiche, nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Akanieleza kuwa steringi wa picha hiyo si pande la mtu wala hana bunduki, ni mchukuzi wa sokoni, tena mwoga, anakimbia kwanza, anapigana tu akikosa pa kukimbilia. Hapo ndipo hamu ya kuiona iliponiingia. Mashujaa hawanivutii, unanijua, lakini mwoga anayepigana kwa ndoo na mwavuli wa mtu mwingine, huyo nilitaka kumtazama kwa macho yangu.

Kisha akanieleza jambo lenyewe, na hapa ndipo nimepiga mstari. Katika picha ile steringi anafukuzwa, anapanda jengo ambalo bado linajengwa, lenye jukwaa la mianzi mpaka juu. Mkono unateleza. Anaanguka kutoka juu kabisa, anapita kwenye mashuka mawili yaliyoanikwa kichochoroni, anafika chini, anajipangusa na kuendelea kupigana. Na si mara moja, Kahindi akasema. Anaanguka, anaanguka tena, anaanguka mara ya tatu, pale pale, mfululizo. Wanaume walilibishania jambo hilo siku nyingi. Wengine walisema anapanda tena makusudi ili awakejeli adui zake. Wengine wakasema ndiyo desturi ya Wachina, mtu akianguka vibaya hurudia mpaka apatie. Mmoja aliapa kuwa ni mara nne, ila ya nne mashine huwa inakwama.

Charo yeye alikwisha kupiga hesabu yake. Kama mtu anaweza kuanguka mara tatu kutoka ghorofani na bado akasimama, basi Kahindi, aliye mwepesi kuliko wote, anaweza kuanguka mara moja kutoka paa la baa ya hoteli. Wataweka shuka, chini ya shuka godoro, na wageni watacheka mpaka chai iwatoke puani. Siku ya pili yake akaja londri kwangu, mpole kama mtu anayeomba chumvi, akaniomba shuka. Yaani mimi ndiye nichague shuka la kumwangushia mume wangu.

Sikubishana naye. Nilichukua shuka kuukuu nikalifunga kati ya nguzo mbili za kuanikia, nikamwomba mtunza bustani apande ukutani na kuangusha gunia la taulo mbichi. Nilitaka kujua tu. Shuka lilichanika pindo hadi pindo na gunia likafika chini kwa kishindo. Nikajaribu shuka jipya. Hilo halikuchanika, lakini lililirusha gunia pembeni, likaangukia saruji. Mtunza bustani akashuka, akaniuliza gunia lile tumelifanya nani. Nikamwambia ni mume wangu. Akaenda zake akitikisa kichwa.

Nilipompelekea Charo habari nilidhani ataogopa. Alifurahi. Akasema nimemsaidia sana, kumbe shuka lisifungwe popote, lishikwe na watu wanne ambao watalegeza mikono likipokea uzito. Na hao wanne tuwe sisi wa londri, maana wageni watacheka zaidi wakiona wanawake wenye aproni. Basi kwa udadisi wangu nikajikuta nimepewa ncha moja ya shuka.

Nyumbani nilimwambia Kahindi kwa upole, halafu kwa ukali, halafu kwa upole tena. Yeye si mtu wa kugombana. Alisema kikundi kikiondolewa itabidi arudi Ganda, na yeye na jembe hawapatani tangu utotoni. Akasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba vijana wa mtaani wamekwisha kumwita Steringi akipita, na hapo nikaona shida yenyewe ilipo. Nikamwuliza yule Mchina hakuumia hata kidogo? Akasema aliumia, alijishika kiuno, ukumbi mzima ukacheka. Nikarudi kuchambua mchele wangu huku nawaza kiuno cha mtu kinachekesha nini.

Jumatano nikaenda kwa Bi Zuhura mapema, nikamwomba tuonyeshwe picha ile ya Kichina badala ya ya Kihindi. Wanawake waliposikia walinijia juu. Walikuwa wamebakiza kipande cha pili cha picha yao, mama hajampata mwanawe aliyepotea kwenye mafuriko, nami naleta habari za mateke. Nikawaeleza sababu. Bi Zuhura akasema yule mama wa Kihindi amengoja miaka mingi, anaweza kungoja wiki moja zaidi, akamwamuru mwanawe alete kanda na atoke nje.

Sasa Dada, nikueleze nilichokiona, maana najua utauliza. Picha ile ni nzuri. Nilitaka kuichukia nikashindwa. Steringi ana masikio makubwa na sura ya kawaida kabisa, ungempita sokoni usimwone. Akimpiga mtu ngumi, yeye mwenyewe anautikisa mkono kwa maumivu, na hilo sijapata kuliona kwa shujaa yeyote. Akikimbia anapita jikoni kwa watu, anaomba radhi, anaonja mchuzi, anakimbia tena. Kuna mahali anapigana huku amebeba trei ya mayai ambayo hataki yavunjike, na sisi wote tulishikana mikono kwa ajili ya mayai ya watu tusiowajua. Mama mmoja mnene alicheka mpaka akatokwa na machozi, akasema hata marehemu mumewe hakuwahi kumfurahisha hivyo. (Hapa pia usimsomee Mama.)

Nilijitahidi kujua kinachotuchekesha ni nini hasa. Si kupigwa, kwa sababu mtaani mtu akipigwa hatucheki, au tukicheka tunaona haya. Nadhani ni ile akili ya haraka. Ngazi ambayo mimi naiona ngazi tu, yeye anaiona ngao, kisha mlango, kisha kitanda, kabla sijamaliza kupepesa jicho. Mtu anatazama akitamani naye angekuwa na mwili unaomtii namna hiyo. Nilimwelewa Kahindi kidogo siku hiyo, na kumwelewa huko kulinitisha zaidi.

Lakini kasoro zipo, na wanawake hawakuziachia. Mdomo unasema maneno mengi, sauti inatoka neno moja, tena la Kiingereza. Hadithi yenyewe huioni. Kulikuwa na sanduku lililoibwa hapo mwanzo, sote tukalisahau, na nadhani mwenye picha naye alilisahau. Adui ni wengi lakini wanamjia mmoja mmoja, wengine wanarukaruka nyuma wakingoja zamu kama watu wa kisimani. Msichana yuko mmoja tu, kazi yake kupiga kelele na kubebwa. Bi Zuhura alikerwa naye tangu mwanzo, akawa anamwelekeza mahali pa kumwuma yule aliyembeba. Mimi kila meza ilipovunjika nilijiuliza ni nani atakayefagia. Soko zima limevurugwa, matunda yamepondeka, bata wametoroka, na mwenye kibanda anaonekana mara moja ameshika kichwa, tunamcheka, kisha hatumwoni tena. Nilitaka kujua alifunga kibanda au alianza upya, lakini picha haikuwa na nafasi naye.

Kisha tukafika kwenye lile anguko. Akaanguka, mashuka yakachanika, akatua, na mama muuza uji aliyekuwa pembeni akaruka, sufuria yake ikapinduka. Akaanguka tena, mashuka yakachanika, uji ukamwagika. Akaanguka mara ya tatu. Bi Zuhura alikuwa anakunja tambuu yake, akaiweka chini.

“Hebu ngojani,” akasema. “Uji umemwagika mara tatu. Nani alokuwa akiijaza ile sufuria?”

Tukatazamana. Mmoja akasema labda uji ulikuwa mwingi. Mwingine akasema hata uwe mwingi, hakuna mwanamke atakayeokota sufuria, aijaze, aitenge pale pale ili mwehu aje kuimwaga tena. Tukarudisha kanda nyuma tukatazama vizuri. Mashuka nayo, yaliyochanika mwanzo, yalikuwa mazima tena. Bata mmoja mweupe aliruka kila mara kwa upande ule ule. Kumbe mtu yule alianguka mara moja tu, wapiga picha wakamnasa kutoka pande tatu, wakatuonyesha zote. Wanaume wote wa mji huu waliitazama picha ile wakamwona steringi peke yake, hakuna aliyeuonea uji huruma. Tulicheka sana, na mimi nilicheka nao.

Hayakuishia hapo. Wanaume wakiitazama, pigano la mwisho likimalizika tu mwanawe Bi Zuhura huzima mashine, kwa sababu kundi lingine liko mlangoni linasukumana. Sisi Jumatano hatuna haraka. Kuna kahawa, kuna kashata, kuna habari za mji. Mashine ikaachwa inaenda. Majina ya Kichina yakawa yanapanda, na pembeni mwa majina zikaanza picha nyingine ndogo ndogo. Mwanzo hatukuelewa. Steringi anasahau la kusema, anacheka. Anakosea teke, mwenzake anashika jicho. Halafu tukaona mianzi ile ile, anateleza, ila mara hii shuka linamkosa na anapiga ukingo wa kibanda kwa ubavu. Haamki. Watu wa kupiga picha wanaacha mashine zao wanakimbia, na wa kwanza kumfikia ni yule mama wa uji, mwiko bado mkononi. Anamshika kichwa. Damu inatoka sikioni. Wanambeba juu ya ubao, na muda wote huo wimbo wa furaha unaendelea kupigwa.

Hakuna aliyegusa kahawa. Tuliirudia sehemu ile mara moja tu, kisha Bi Zuhura akasema yatosha, akaizima mwenyewe. Kwa hiyo alianguka mara mbili kweli, Dada. Ya kwanza ilimvunja, wakaificha mwishoni mahali ambapo wanaume hawafiki. Ya pili, baada ya kupona, ndiyo waliyoiweka katikati tuishangilie. Nimeifikiria sana tangu siku hiyo nikiwa nafua. Kwa nini alirudi juu? Na waliotengeneza picha, kwa nini hawakukitupa kipande kile? Wanataka tujue alichopitia, au wanataka tucheke mara ya mwisho kabla hatujaenda nyumbani? Ule wimbo wa furaha ndio unaonichanganya.

Nilimwambia Kahindi siku ile ile, uji, bata, sikio na yote. Akasema wanawake tukiona mtu kajikwaa tunaona maiti. Nikamwambia aende akaone mwenyewe. Akasema steringi gani anayepelekwa vidio na mkewe. Nikaenda kwa Charo, Charo akasema kama yule aliumia ni kwa sababu hakuwa na watu wanne wa kushika shuka. Niliporudi londri nilishona pindo la shuka mara mbili, nikalikagua juani uzi kwa uzi, kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya.

Ijumaa nilikutana na Bi Zuhura sokoni. Akanivuta kando, akaniambia kwamba asubuhi ile, kabla ya ukumbi kufunguliwa, mume wangu alibisha hodi kwake. Alitaka kuona mkia wa kanda tu. Hakuketi, hakuvua viatu, alitazama akiwa amesimama mlangoni. Akaomba urudishwe mara moja. Akatazama tena, akasema ahsante mama, akaondoka. Nilimwuliza Bi Zuhura uso wake ulikuwaje. Akaniambia, “Uso wa mwanamume, mwanangu, wauona mwenyewe kila siku, wajua kuusoma?” Kahindi nyumbani hakusema kitu. Nami sikuuliza, nilimpikia tu.

Jana ikafika. Wageni walijaa, meneja alikuwa amekaa mbele na miwani ya jua. Ngoma ikapigwa, wakafanya yao ya kila siku, kisha Kahindi akatoka amevaa kofia ya mchukuzi na suruali fupi, wenzake wanamfukuza. Akapanda ngazi mpaka juu ya paa la baa. Charo akaiondoa ngazi, akapiga filimbi. Sisi wanne tukalikunjua shuka juu ya godoro, kila mtu na ncha yake. Paa lile nikilitazama kila siku si refu, lakini jana lilikuwa refu. Nilikuwa namwomba Mungu kwa Kidawida chetu.

Kahindi akasogea ukingoni kwenye makuti. Akanyoosha mguu mmoja hewani, akaurudisha. Wageni wakacheka. Akanyoosha mwingine, akaurudisha. Wakacheka zaidi. Akafunika macho kwa kofia, akachungulia, akakaa chini, akasimama. Magoti yalikuwa yanamtetemeka, na wazungu walikuwa wanapigana mabega kwa kicheko. Charo akapiga filimbi ya pili, kali. Kahindi akatutazama huku chini, akanitazama mimi.

“Mkamburi,” akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tuko jikoni. “Lete ngazi.”

Nililiachia shuka. Sijui nilifikaje kwa Charo. Alikuwa ameishikilia ngazi kwa mikono miwili, ananinong'oneza kwamba namharibia kazi, nami nikaivuta, naye akaivuta, aproni ikanifunika uso, na wageni walikuwa wamesimama kwenye viti wakishangilia. Mwishowe nikaishinda nikaisimamisha. Kahindi akashuka kinyumenyume, kipandio kimoja kimoja, kofia mdomoni, akikumbatia ngazi kama mtoto. Alipobakiza vipandio viwili akaiachia, akapinduka hewani, akatua kwa miguu yake na kuniinamia. Makofi yaliyopigwa sijawahi kuyasikia hapa. Meneja akaja kumshika Charo mkono, akasema hicho ndicho alichokuwa anakitaka. Charo akamjibu kwamba wamelifanyia mazoezi mwezi mzima. Mpaka sasa ana uso wa mtu aliyelitunga yeye, na ameniagiza Jumapili ijayo ngazi niivute kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo kazi ipo, na shemeji yako ni mzima, hana hata mchubuko. Mwambie kijana wa jirani atangaze na hilo. Ila kuna jambo moja sijalijua. Je, alipanda paa lile akiwa amekwisha kuamua kutoruka, au uoga ulimkuta huko juu? Wageni waliona mchezo. Mimi niliyaona yale magoti, na magoti hayo nayajua.

Nisalimie Mama sana. Nisalimie Mjomba Mwadime anayepiga kengele ya kanisa, umwambie yule kima aliyeozwa binti amejifunza kutumia ngazi. Nisalimie Shangazi Mghoi mkunga, na watoto wako wote, hasa huyu mdogo ambaye sijamwona. Mama mkwe wangu wa Ganda anawasalimu, anasema ndizi zenu zilifika na ameziita za kizungu kwa sababu ya unene.

Nilikuwa nimekwisha kuandika salamu hizo, Kahindi akaingia kutoka mazoezini, akaketi kwenye kigoda akinitazama nikiandika. Nikaona bora nimwulize sasa hivi, nikuandikie jibu kabla sijafunga bahasha. Nikamwuliza kama alikuwa ameamua kutoruka tangu nyumbani. Akaukuna unyayo.

“Nilikuwa naruka,” akasema. “Ndipo nikakuona umeshika ncha ya shuka, nikafikiri, likilowa damu, huyu ndiye atakayelifua.”

Mdogo wako akupendaye,
Mkamburi